Fataki Nyeupe

Jumapili, 11 Januari 1970

Hili sijamwambia mtu. Risasi za Baba hajazi Baba. Najaza mimi.

Leo tena. Baada ya chai, chumba cha nyuma komeo, mkeka chini, maganda yaliyokwisha kupigwa yamepangwa safu. Unatoa fataki iliyokufa kitakoni mwa ganda, kile kidude cha kuwashia baruti, unasugua tundu, unashindilia fataki mpya, unatia baruti, unamalizia na kichwa cha risasi. Baba anakaa kwenye kigoda karibu na mlango na kila mtu akipita uani anakohoa, ijulikane fundi yumo kazini. Mikono yake kaikalia. Ilianza kutetemeka ndani ya meli iliyotutoa Unguja na mpaka leo haijatulia. Kikombe cha kahawa anatiliwa nusu.

Wanaume wanakuja kutoka soko la Matrah, bandari tuliyoshukia, wengine wanateremka milimani na bunduki za babu zao, wanasema mkono wa fundi Masoud ni mizani. Baba anaitikia alhamdulillahi. Mimi niko nyuma ya pazia, uso unaniwaka kama nimesifiwa mimi. Kwani si mimi?

Wakijua bunduki zao zinalishwa na msichana wa miaka kumi na sita, hatabaki mteja.

Naandika Kiswahili kwa herufi za kizungu, za skuli. Unguja asubuhi nilisoma Kiingereza, jioni chuoni Kiarabu cha msahafu. Kiarabu hicho hapa hakinunui hata kitunguu. Herufi hizi nyumbani anazisoma Baba tu. Shamsa anajua za Kiarabu. Juzi juzi aliniomba nimfundishe jina lake kwa hizi zangu. Nikamfundisha. Akaliandika kwa mkaa kila ukuta, mpaka mamake akamtishia ufagio.

Shamsa ni dada yangu kwa Baba. Yatosha kwa leo.

Jumatano, 14 Januari

Fataki nyekundu zinakwisha. Zile za shaba, tulizokuja nazo zimeshonewa ndani ya mto. Baba kapata kopo jipya kwa Mhindi wa sokoni. Hizi nyeupe, zinang'ara kama fedha. Ukubwa ule ule, zinaingia bila matata. Nikasema basi, tumepona. Baba akatikisa kichwa.

Tukaenda naye kwenye bonde kavu nyuma ya mji, mimi na yeye na punda. Huko ana sanduku la mchanga, kalining'iniza kwa kamba kwenye boriti ya nyumba iliyoanguka. Chini ya sanduku kuna kipande cha mkaa kinachogusa ubao. Bunduki anaifunga kwenye kigogo, anavuta uzi akiwa mbali, kwa hivyo kutetemeka si neno. Risasi inaingia mchangani, sanduku linarudi nyuma, mkaa unachora. Kasi ya risasi haionekani kwa jicho. Unachoona ni mstari.

Kwanza nyekundu. Mstari kama kiganja changu. Halafu nyeupe: baruti kiasi kile kile, kichwa kile kile, ganda lile lile. Mstari ukapita kiganja ukamaliza na vidole. Nikadhani tumekosea. Tukarudia. Vile vile.

Baba akasema, "Makaa ni yale yale, mwanangu. Aliyewasha ndiye mwengine."

Nyekundu, anasema, ni kama mtu anayepuliza jiko. Nyeupe ni kama aliyelimwagia mafuta ya taa. Baruti inashika yote kwa mpigo, risasi inatoka mbio zaidi, na mzigo wake unabebwa na bunduki. Bunduki mpya itastahamili. Za watu wetu ni vikongwe, zinaweza kumpasukia mtu usoni. Kwa hivyo nyeupe unaipunguzia baruti. Akachukua sindano akanishikisha kastabini, akaniongoza nichore alama ndani. Nyekundu, kastabini ijae. Nyeupe, baruti isipite alama.

Kastabini ni ya Mama. Alishonea kofia za Baba. Alipokufa Baba akaifanya kipimo cha baruti na hakuna aliyeigusa ila yeye na mimi.

Siku nzima Baba wangu peke yangu. Tumerudi tunanuka moshi. Nimefurahi mpaka naona haya.

Ijumaa, 16 Januari

Namuonea wivu Shamsa. Basi, nimeandika.

Namuonea wivu nywele zake. Mamake Bi Moza, ambaye yuko hai, anamsuka kila Alhamisi. Namuonea wivu kicheko, maana Baba akikisikia anacheka kabla ya kujua kinachekwa nini. Namuonea wivu Kiarabu chake. Baba alimuacha hapa tumboni mwa mamake, akaenda zake Unguja, akaoa, akanizaa mimi. Miaka yote ile baba alikuwa wangu. Halafu ikaja sita na nne, mwaka wa mapinduzi, tukabisha hodi kwenye mlango ule ule alioufunga mwenyewe. Sasa anamlipa Shamsa kila siku. Anamlipa kwa macho. Akiingia chumbani anamuangalia kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaogopa mwenyewe atatokea.

Mimi hanitazami hivyo. Mimi sikupotea.

Leo wanawake walikuja kunywa kahawa. Nikasema neno kwa Kiarabu, wakacheka. Mmoja akaniita Zinjibariya na kuniuliza kama Unguja tulikuwa tunasali. Shamsa akamjibu yeye: huyu mdogo wangu anasoma lugha mbili, wewe hata moja inakushinda. Wakainamia vikombe vyao.

Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa nini asiwe mbaya? Ningepumzika.

Jumanne, 20 Januari

Balaa. Nilisahau komeo.

Shamsa kaingia na sinia ya tende. Mimi nimepiga magoti, ganda mkononi, fataki nyeupe kinywani mwa koleo. Baba kaikalia mikono. Shamsa hakuhitaji kuelezwa. Akaangalia mikono ya Baba, akaangalia yangu.

Nilitaka apige kelele, amwambie mamake, Baba amkasirikie. Akaweka sinia chini, akarudisha komeo, akakaa. Akauliza kama kazi hii inafunzika.

Nilimtazama Baba. Nikamuomba kwa macho. Baba akasema kwa Kiarabu kwamba kazi ni nyingi na Idd inakuja, halafu akanigeukia kwa Kiswahili: "Mfundishe dadako. Kila kitu."

Chumba kile kilikuwa chetu. Sasa ni cha nyumba nzima.

Jumamosi, 24 Januari

Nimemfundisha. Kutoa fataki. Kusugua tundu kwa kijiti. Kushindilia polepole, kwa kidole gumba, usigonge hata siku moja. Kuangalia ganda kama lina ufa. Shingo ya ganda iwe kavu. Nimemfundisha vizuri, asiseme mtu. Anashika haraka kuliko nilivyoshika mimi.

Kastabini nikampa. Nikamuonesha: unachota, unakata kwa ukingo wa kisu, juu sawasawa.

Habari ya alama sikumwambia.

Kopo lililokuwa mbele yetu lilikuwa jekundu, yale mabaki. Kwa nyekundu kastabini inajaa. Kwa hivyo sikusema uongo. Nitamwambia tukifika kwenye nyeupe.

Jumatatu, 26 Januari

Tumefika kwenye nyeupe. Baba alikuwa ametoka. Shamsa aliuliza kama ni sawa tu na zile nyengine. Nikasema ukubwa ni mmoja.

Ukubwa ni mmoja. Ndivyo nilivyosema.

Yale maganda nikayachukua, nikamwambia nitamalizia mimi, akapumzike. Akanibusu shavu akaenda. Nikayajaza kwa alama. Mikono yangu mizuri kama kawaida. Roho ndiyo imeoza.

Alhamisi, 5 Februari

Mjomba Khalfani kaja. Ndugu wa Bi Moza, mwembamba, ndevu kapaka hina. Kila Idd wanaume hulenga shabaha, jiwe jeupe wanaliweka mlimani ng'ambo ya bonde, na kila Idd Mjomba analikosa kwa kidogo na mwaka mzima anatukanwa kahawani. Safari hii anataka risasi za fundi mwenyewe.

Bunduki yake ilipigana vita vya babu yake. Alimfungulia Baba aione. Ukitikisa chuma cha nyuma kinacheza kama jino la mtoto. Mjomba akasema, "Usiicheke, Masoud. Mimi na yeye tumebaki na jino moja moja."

Kisha akanitafuta nyuma ya pazia, kama desturi yake. "Weye wa Unguja, bado unaota muhogo?" Siku tuliyoshuka melini sikuwa na viatu, mchanga ulikuwa moto. Yeye ndiye aliyevua vyake akanivisha, akaenda peku mpaka nyumbani anaruka ruka na kuapa hasikii moto. Mtu mzima.

Alipoondoka Baba kasema risasi za Mjomba atazijaza Shamsa, ni damu yake. Nyekundu zimekwisha kabisa. Nyeupe tu ndizo zilizobaki.

Habari ya alama bado ninayo mwenyewe.

Jumanne, 10 Februari

Kajaza. Mimi nimekaa ubavuni mwake.

Kastabini imejaa, kakata juu kwa kisu, sawasawa, kama nilivyomfundisha. Ya kwanza. Ya pili. Kila moja nikasema moyoni, hii ikimalizika ntamwambia. Nikampa ganda jengine. Akawa anaimba.

Baba akaingia. Akachukua moja akaiviringisha kwenye kiganja kinachotetemeka, akaangalia fataki imekaa vipi kitakoni. Akasema kwa Kiarabu, ili aelewe yeye, na mimi pia nikaelewa: "Mkono wako umetulia kuliko wa mdogo wako."

Basi nikanyamaza kwa kusudi. Mwanzo nilikuwa nashindwa. Baada ya neno lile nilikuwa nataka. Naliandika hivyo hivyo lilivyo. Nilitaka risasi zake zikosee mbele ya watu. Sikufika mbali zaidi ya hapo, Wallahi. Nilifikiria jiwe kukoswa, watu kucheka. Sikumfikiria Mjomba.

Kisha Baba kamwambia kastabini aiweke yeye. Kaifunga kwenye pindo la shela yake.

Ijumaa, 13 Februari

Sijala. Bi Moza anadhani ni homa, kanipa maji ya zaatari.

Naliona lile jino la mtoto. Chuma kile kinakaa inchi chache kutoka jichoni mwa mtu anayelenga. Anayelenga analaza shavu. Mjomba hulaza shavu kama mtu anayelala.

Nikimwambia Baba, atajua. Nikimwambia Shamsa, atajua. Nikinyamaza, Mjomba hatajua kitu tena.

Furushi liko rafuni, limefungwa kwa kitambaa cha kijani. Mjomba atalichukua asubuhi ya Idd.

Jumapili, 15 Februari

Siku ya Arafa. Nyumba nzima imefunga na imelala mchana. Nimechukua furushi.

Nimeng'oa vichwa kwa koleo, kimoja kimoja, baruti nikaimwaga kwenye ndoo ya maji. Maji yakawa meusi kama wino. Moja ilipungua. Nikadhani Shamsa kaiweka ukumbusho.

Kisha nikakumbuka kwamba kipimo sina.

Nilijaribu kwa kiganja. Nikaogopa. Mtu hakisii baruti ya mwenziwe kwa kiganja. Nikaenda kwa Shamsa. Alikuwa amelala chali, shela usoni. Nikamwambia nataka kastabini. Nilikuwa tayari kwa kila swali na uongo wake.

Akafungua pindo bila kufungua macho. "Chukua," akasema. "Ya mamako hiyo. Nilikuwa nakutunzia tu."

Nikarudi chumbani nikalia mpaka nikaogopa machozi yasiingie kwenye baruti. Nikajipangusa. Nikajaza zote, zisipite alama. Nikafunga kitambaa cha kijani kwa fundo la Shamsa, la kizembe, upande wa kushoto. Ndoo nikaisukuma nyuma ya mtungi, niimwage kiza kikiingia.

Jumatatu, 16 Februari

Idd.

Nguo mpya, ubani, boko boko (wao wanaiita arsiya, ladha moja). Wanawake juu ya dari, tunatazama bondeni. Wanaume wadogo wadogo kama njugu, na lile jiwe jeupe.

Mjomba akalala nyuma ya bunduki. Akaweka shavu. Nikashika ukuta. Nilijua nimezijaza sawa, na bado sikuamini. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi naruka maneno.

Moshi. Kishindo kikaja baadaye. Jiwe likaruka vipande.

Mjomba akasimama na uso wake mzima. Akacheza na bunduki, akaitupa juu na kuidaka kama kijana, wenziwe wakamzuia asivunjike kiuno. Alipofika nyumbani aliingia anatangaza kwamba zile ni za mkono wa mpwa wake. Lazima Shamsa kamnong'oneza. Siri yote ya Baba katikati ya ua. Wanaume wakacheka, wakadhani mzaha wa Idd. Baba akacheka pia, akamshika Shamsa kichwa akambusu utosini mbele ya kila mtu.

Risasi zangu. Busu lake.

Nilidhani nikitengeneza nilichoharibu wivu utakwisha. Haukwisha. Umekaa pale pale, umevaa nguo ya Idd. Nimekula vipande vitatu vya nyama kwa hasira.

Lakini Mjomba ana macho mawili. Nimeyahesabu kila alipopita.

Jumatano, 18 Februari

Baba kaniita bondeni. Peke yangu. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani kuna fataki mpya za kujaribu.

Hakuna bunduki juu ya punda. Alinisimamisha mbele ya ubao. Mstari wa nyekundu, upo. Mstari wa nyeupe wa siku ile, upo. Na mwengine juu yao, mrefu, umefika mwisho wa ubao ukatoka nje. Mkaa umevunjika.

Akasema ni risasi ya Shamsa. Alichukua moja akaijaribu Alhamisi, kabla ya Idd.

Alhamisi. Siku ile mimi bado nilikuwa sijafanya kitu.

Sikuweza kumtazama. Nilitazama mikono yake. Aliniambia taratibu, kama anayesoma. Kwamba alikwenda nyumbani kazuia neno kinywani. Kwamba furushi asingelitoa, hata kwa Idd, angemwambia Khalfani mkosa ni yeye, mzee, mkono umempotea. Angepoteza jina lake kuliko kutaja langu. Jioni ya Arafa akachukua wudhuu, akaiona ndoo nyuma ya mtungi. Maji meusi. Akajua nimezimwaga na kuzijaza upya. Akarudi akasali.

Nilisema, "Nisamehe, Baba."

Akasema, "Mimi nimekwisha kusamehe. Yeye bado hajui kama kuna la kusamehe."

Ndilo hilo. Shamsa anadhani anajua. Kopo la nyeupe limejaa, yeye anajaza kastabini mpaka juu, na mtu wa kwanza atakayepata risasi zake si Mjomba, ni mtu nisiyemjua uso. Baba angeweza kumwambia kwa neno moja. Hataki. Anasema mafunzo haya niliyaanza mimi.

Njiani aliniomba nimshike mkono, mawe mengi. Sijui kama mawe ndiyo sababu. Ulitetemeka ndani ya wangu mpaka mlangoni.

Ijumaa, 20 Februari

Baada ya sala. Mkeka nimeutandika. Maganda machache, kopo la nyeupe, kisu. Kastabini nimeiweka katikati, mdomo juu, alama inaonekana ukiielekeza dirishani. Komeo sikutia.

Nimejifunza neno la Kiarabu la mpaka usiopitwa. Nimelirudia mbele ya ukuta, h ikatoka kh, nikarudia. Neno la pili, la kwa nini sikukwambia, nalijua kwa lugha zote na halitoki kwa hata moja.

Bado namuonea wivu. Asubuhi Baba kacheka tena na kicheko chake. Kimenichoma, lakini nimekaa nacho.

Uani kuna jogoo na harufu ya vitunguu. Bi Moza anamuuliza mtu chumvi iko wapi.

Nnasikia furungu za miguuni mwa Shamsa. Anakuja, haharakishi, anaimba ule wimbo wa siku ile. Herufi hizi hazisomi, ningeweza kuuacha ukurasa wazi. Lakini neno moja, jina lake, analijua kwa herufi hizi, nilimfundisha mwenyewe, na limejaa humu kila mstari. Nauweka chini ya mkeka. Ataketi juu yake.